Kabla ya trekta: wakulima walivyoigeuza Ford Model T kuwa mashine ya shamba

Leo naweka kando habari za seva na lugha za programu nizungumzie injini ya gari la zamani. Msinikimbie! Mtaona kwamba ni mambo yetu yale yale.

Kampuni ya Ford ilianza kuuza gari la Model T mwezi wa Oktoba 1908. Injini yake ilikuwa ya silinda nne, lita 2.9, nguvu za farasi 20. Ni kidogo sana. Bodaboda ya sisi 150 siku hizi ina zaidi ya nusu ya nguvu hizo. Lakini tukumbuke zama zenyewe. Mashamba ya Marekani yalikuwa yakitegemea farasi na nyumbu zaidi ya milioni 20. Mitambo ya mvuke ilikuwepo, ila ilikuwa mizito na ya bei kali. Trekta za petroli nazo zilikuwepo tangu John Froelich alipounda yake huko Iowa mwaka 1892, lakini zile za mwanzo zilikuwa majitu ya chuma yasiyomfaa mwenye shamba dogo. Kwa hiyo kwa familia nyingi, injini ya kwanza kufika bomani ilifika ndani ya gari.

Na mkulima akiwa na injini, ataiacha ilale wiki nzima ikingoja safari ya kanisani Jumapili? Thubutu!

Jeki na mkanda

Mbinu ya kwanza ilikuwa rahisi. Unaegesha gari, unazuia magurudumu yasisogee, kisha unainua gurudumu moja la nyuma kwa jeki. Hapo difu inakufanyia kazi: gurudumu lililo chini likikataa kuzunguka, mzunguko wote unahamia kwa lile lililo hewani, tena linazunguka kwa kasi mara mbili. Ukifunga puli na mkanda hapo, unaweza kuendesha msumeno wa kuni, mashine ya kupukuchua mahindi, pampu ya maji, hata mashine ya kufulia nguo. Ni kazi ile ile inayofanywa na mkanda wa posho mili kijijini kwetu.

Kulikuwa na bahati nyingine. Model T haikuwa na pedali ya mafuta. Mafuta yaliongezwa kwa mkono, kwa wenzo ulio karibu na usukani, na wenzo huo ulikaa pale ulipoachwa. Basi mkulima aliweka kasi anayoitaka, akashuka, akaenda kulisha mashine mahindi.

Kwa lugha yetu sisi waandishi wa programu, mkanda ulikuwa ndio kiolesura. Injini haikujua inapukuchua mahindi au inakata kuni, na haikuhitaji kujua.

Kutoka mkanda hadi plau

Kulima ni kazi ngumu zaidi. Kufikia miaka ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kampuni kadhaa zilikuwa zikiuza vifaa vya kuigeuza Model T kuwa trekta. Ulitoa magurudumu ya nyuma, ukaweka gia ndogo kwenye ncha za ekseli, nazo zikasukuma gia kubwa zilizofungwa kwenye magurudumu mapana ya chuma. Kasi ilipungua, nguvu ya kuvuta ikaongezeka. Ukimaliza kulima, ulirudisha magurudumu ya kawaida ukaenda mjini.

Lakini injini ile iliundwa kwa barabara, na shamba lilianika udhaifu wake wote. Maji ya kupozea yalizunguka kwa joto lenyewe, bila pampu, hivyo injini iliyovuta plau saa nyingi kwa mwendo wa pole ilichemka. Oili nayo haikuwa na pampu, ilirushwa tu na sehemu zinazozunguka. Tena gari lilikuwa jepesi, kama kilo 540, na chombo chepesi hakishiki udongo vizuri.

Henry Ford, mtoto wa mkulima wa Michigan, alikuwa amejaribu plau yake ya injini mwaka 1907, akitumia vipande vya magari yake mwenyewe. Mwaka 1917 alianza kutengeneza kwa wingi trekta ya Fordson. Bei ilianza dola 750, na mwaka 1922 ikashuka hadi dola 395. Vile vifaa vya kugeuzia gari havikuwa na la kujitetea mbele ya bei kama hiyo.

Hata hivyo kazi ile haikupotea. Mwaka huo huo wa 1917, fundi wa Belfast aitwaye Harry Ferguson alibuni plau ya kufungwa kwenye Model T iliyogeuzwa trekta, iliyouzwa kwa jina la Eros. Akaendelea kulifikiria swali la jinsi plau inavyopaswa kushikana na trekta, na jibu lake, mfumo wa nukta tatu unaonyanyuliwa kwa haidroliki, likaingia kwenye trekta ya Ford ya 1939. Ukiona Massey Ferguson huko Uasin Gishu ikinyanyua plau yake mwishoni mwa shamba, Ferguson wa jina hilo ndiye huyo.

Kwa nini nayaandika haya

Wale wakulima hawakuomba ruhusa. Kila nati ilifunguka kwa spana. Mwaka 2015, kampuni ya John Deere iliiandikia ofisi ya hakimiliki ya Marekani kwamba mnunuzi wa trekta ana leseni tu ya kutumia programu iliyomo ndani. Jimbo la Colorado lilipitisha sheria ya haki ya kutengeneza zana za kilimo mwaka 2023, na Januari 2025 tume ya biashara ya serikali ya Marekani ikaishtaki John Deere kuhusu suala hilo la matengenezo.

Kufuli hilo halikuundwa na fundi wa chuma. Liliandikwa na watu wa kazi yangu, waliokaa mbele ya kompyuta kama mimi. Siku hizi, kabla sijafunga sehemu yoyote ya programu, najiuliza kama namlinda mtumiaji au namzuia kupandisha gari lake kwenye jeki. Mara nyingi majibu hayo mawili hayafanani.

Wewe je, ungemuuzia mkulima injini asiyoruhusiwa kuifungua?