Ziwa la Brasília ni la nani?

Mwishoni mwa mwaka 1959, katika bonde la mto Paranoá kwenye nyanda za juu za katikati ya Brazil, familia za vibarua zilikuwa zikibomoa nyumba zao zenyewe. Kitongoji chao kiliitwa Vila Amaury. Nyumba zilikuwa za mbao, na mbao ni mali, kwa hiyo kuta zilibanduliwa na kila kilichobebeka kikahamishwa kwenda miji mipya ya pembezoni: Sobradinho, Gama, Taguatinga. Nyuma yao maji yalikuwa yanapanda. Tangu mwanzo ilijulikana kwamba pale pangefurika, na ndiyo maana waliachwa wajenge pale kwa muda. Lakini kuambiwa si sawa na kuona maji yakiingia mahali ulipokuwa ukilaza wanao. Wapiga mbizi wanaoshuka leo katika Ziwa Paranoá bado wanakuta mabaki ya kitongoji hicho kwenye matope.

Hao ndio waliojenga Brasília. Waliitwa candangos, wengi wao wakitoka kaskazini-mashariki kwenye ukame, wengine Minas Gerais na Goiás. Historia ya ziwa lao husimuliwa mara nyingi kupitia marais na wasanifu majengo. Hao nao wana sehemu yao, na nitawataja. Ila swali linalonishika mimi ni la kingo: nani aliruhusiwa kusogea majini, na nani alizuiwa.

Wazo la ziwa ni la zamani kuliko mji. Katiba ya Brazil ya mwaka 1891 ilitenga kilomita za mraba 14,400 katikati ya nchi kwa ajili ya makao makuu mapya, mbali na Rio de Janeiro na pwani yake. Mwaka uliofuata, mwanaastronomia mzaliwa wa Ubelgiji, Luís Cruls, akatumwa na timu yake kupima eneo hilo. Katika kazi hiyo alikuwamo Auguste Glaziou, mtaalamu wa mimea kutoka Ufaransa aliyekuwa amebuni bustani za Rio enzi za Mfalme Pedro wa Pili. Glaziou alilitazama bonde la Paranoá, akaona mito kadhaa ikikusanyika na kutokea kwenye mwanya mwembamba kati ya vilima viwili. Aliamini kwamba hapo zamani za kale palikuwa na ziwa. Pendekezo lake lilikuwa rahisi: zibeni huo mwanya, ziwa litarudi.

Wakatoliki wa Brazil wana simulizi yao pia. Padre Giovanni Bosco wa Torino, yuleyule ambaye shule za ufundi za Don Bosco za Afrika Mashariki zimebeba jina lake, anasemekana kuota mwaka 1883 nchi ya neema kati ya latitudo za 15 na 20 kusini, mahali penye ziwa. Waliotaka makao makuu mapya waliishikilia ndoto hiyo kwa nguvu zote. Kikanisa kidogo cha kumkumbuka kilijengwa juu ya bonde mwaka 1957, kikatazama mahali ambapo maji yalikuwa bado hayajafika.

Juscelino Kubitschek alishika urais Januari 1956 akiahidi maendeleo ya miaka 50 ndani ya miaka 5. Mwaka huohuo ikaundwa Novacap, kampuni ya serikali ya kujenga mji, chini ya Israel Pinheiro. Ziwa halikuwa pambo la kuongezwa baadaye. Washindani wa ramani ya mji walipewa mchoro ambao tayari ulionyesha maji yatakapoishia. Lucio Costa, aliyeshinda Machi 1957, aliupinda mji wake ufuate umbo la ardhi, huku mikono miwili ya ziwa ikiukumbatia kutoka kaskazini na kusini. William Holford, mpangaji miji Mwingereza aliyekuwa miongoni mwa majaji, aliona mji umekaa mbali mno na maji, na ukasogezwa.

Anayeshangaa kwa nini mji wa serikali uhitaji ziwa aende Brasília mwezi Agosti. Mvua huwa haijanyesha kwa miezi, nyasi za cerrado, savana ya huko, ni kahawia, na unyevu wa hewa hushuka chini ya asilimia 20. Midomo hupasuka, pua hutoka damu. Ziwa lilitarajiwa kulainisha hewa hiyo, kuzalisha umeme kwenye ukuta wa bwawa, na kuwapa watu mahali pa kupumzikia.

Si wote walioamini. Gustavo Corção, mhandisi na mwandishi wa magazeti aliyeheshimika sana, alishikilia kwamba udongo wa bonde lile unavuja na ziwa halitajaa kamwe. Bwawa lilifungwa tarehe 12 Septemba 1959, siku Kubitschek alipotimiza miaka 57. Mvua za mwisho wa mwaka zikaja, mito ya Torto, Bananal, Riacho Fundo na Gama ikamwaga maji yake, na ziwa likajaa. Inasimuliwa kwamba rais alimpelekea Corção simu ya maandishi ya maneno mawili tu: limejaa, umeona? Tarehe 21 Aprili 1960 Brasília ikazinduliwa. Ziwa lake lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 40 na ushee, na kingo zake zina urefu wa karibu kilomita 80.

Sasa twende kwenye hizo kingo. Costa aliandika wazi katika andiko lake kwamba nyumba za kuishi zisipangwe ufukweni. Alitaka vichaka na nyasi, mahali pa matembezi ya wakazi wote wa mji. Vilabu vya michezo, mikahawa na sehemu za burudani tu ndivyo viguse maji. Kilichotokea ni kinyume. Ng'ambo ya maji viligawanywa viwanja vikubwa, vikawa vitongoji vya Lago Sul na Lago Norte. Lago Sul ni miongoni mwa sehemu zenye kipato kikubwa kuliko zote nchini Brazil. Ua ulisogezwa mwaka hadi mwaka, ukapita mpaka wa kiwanja, ukashuka hadi majini, na bustani za watu binafsi zikawa na gati za boti kwenye ardhi ya umma. Mjukuu wa kibarua wa Vila Amaury, akitoka Gama kwa basi, angeliona ziwa kupitia dirishani tu.

Maji yenyewe nayo yaliteseka. Mji ulikua haraka kuliko mabomba na mitambo yake, na majitaka yakaingia ziwani yakiwa na fosforasi, chakula kizuri cha mwani. Mwani ukistawi hufunika maji. Ukifa huoza, na kuoza kwake hula oksijeni. Mwaka 1978 samaki walikufa kwa wingi na uvundo ukauvamia mji ambao ulikuwa bado haujatimiza miaka 20. Tiba ilichukua muda na fedha nyingi. Katika miaka ya 1990 mitambo miwili ya kusafisha majitaka, wa kusini na wa kaskazini, ilijengwa upya ili iondoe fosforasi, na ndani ya miaka michache watu wakaanza tena kuogelea. Ukarabati huo wa mabomba na matangi hauna mnara wala jina la msanifu maarufu, lakini kwangu mimi ni kazi kubwa sawa na lile daraja la matao matatu, Ponte JK, lililofunguliwa mwaka 2002.

Haki ya ufukwe ilikuja kwa njia ya mahakama. Waendesha mashtaka wa umma walifungua kesi, hukumu ikatoka mwaka 2011, na Agosti 2015 mitambo ikaanza kuangusha ua na kuta zilizokuwa ndani ya mita 30 kutoka majini. Wenye nyumba walilalamikia usalama na thamani ya mali zao. Nimewasikiliza, na bado naona mahakama ilitenda haki: ardhi ile haikuwahi kuwa yao.

Kisha ukaja ukame. Mabwawa yaliyokuwa yakiupa mji maji ya kunywa yalishuka mno, na Januari 2017 mgawo wa maji ukaanza kwa zamu, mtaa mmoja baada ya mwingine. Oktoba mwaka huo, kwa mara ya kwanza, maji ya Paranoá yakaanza kusafishwa na kupelekwa kwenye mabomba ya nyumbani. Ziwa ambalo karibu miaka 40 kabla lilikuwa likinuka samaki waliokufa sasa linanyweka. Tangu hapo, mtu anayemwaga taka kwenye Riacho Fundo au kuziba ufukwe kwa ukuta anagusa mtungi wa jirani yake, na wakazi wa Gama na Sobradinho wana kila sababu ya kudai sauti katika maamuzi ya ziwa hilo kama wale wanaoliona kutoka sebuleni mwao.