Gharama ya Upepo

Msomaji, jina la Mukuyuni katika Makueni lina maana inayofaa kufungulia insha hii. Mukuyu kwa Kikamba ni mti ule ule ambao Waswahili huuita mkuyu. Basi Mukuyuni ni mahali penye mkuyu. Mti huu una kivuli kipana. Mpita njia aliyechomwa na jua la saa nane huketi chini yake akapoa, wala hasikii sauti ila ya majani na ndege. Huo ni ubaridi usiomtaabisha mtu. Lakini binadamu hakai chini ya mti siku zote. Kila alipotaka ubaridi mahali pasipo kivuli, ilibidi mtu fulani alipe gharama yake. Historia ya feni ni historia ya gharama hiyo: nani aliilipa, kwa kitu gani, na ilipunguzwaje.

Sikuitafuta historia hii kwa hamu ya elimu peke yake. Niliitafuta kwa sababu ya kosa langu mwenyewe. Katika shule moja niliyofundisha palikuwa na chumba cha kompyuta kuukuu chini ya paa la mabati. Zilipowashwa, chumba kilijaa mvumo kama wa mashine ya kusaga mahindi. Msichana mmoja alikaa kando ya ile iliyozidi nyingine zote kwa kelele. Kila nilipomwuliza swali alinitazama tu. Nilimhesabu kuwa mzito wa akili, na mwisho wa muhula niliandika hivyo katika ripoti yake. Muhula uliofuata, siku moja, umeme ulikatika katikati ya somo. Chumba kikawa kimya. Nami nikaendelea kufundisha kwa ubao na chaki. Siku hiyo yule msichana alijibu maswali yote. Nilipomwuliza kwa nini siku nyingine hajibu, alisimama akasema kwa adabu, “Mwalimu, leo nimekusikia.”

Maneno hayo matatu yalinikosesha usingizi. Nikataka kujua kelele ile ilitoka wapi, na kwa nini aliyeibeba awe mtoto.

Tuanze mbali kidogo. Chombo cha kwanza cha kuleta upepo kilikuwa upepeo wa mkono. Watu wa pwani yetu husuka pepeo kwa ukindu, na ajipepeaye hulipa kwa mkono wake mwenyewe. Lakini wakubwa wa dunia hawakupenda kulipa. Kaburi la Mfalme Tutankhamun wa Misri lilipogunduliwa mwaka 1922, ndani yake zilionekana pepeo zilizokuwa na manyoya ya mbuni. Pepeo za namna hiyo hazikushikwa na mfalme. Zilishikwa na watumishi waliosimama kando yake. Mfalme alipata upepo, mtumishi akapata uchovu.

Bara Hindi, jambo hili lilifanywa kwa mpango mkubwa zaidi. Kitambaa kipana kilitundikwa darini, kikafungwa kamba iliyopita ukutani hadi nje, na huko nje aliketi mtu aliyeivuta siku nzima, pengine hata usiku kucha. Kitambaa hicho kiliitwa panka. Chini ya panka hakimu alihukumu, karani aliandika, na bwana alilala usingizi. Nyuma ya ukuta mkono wa maskini ulikwenda na kurudi. Neno hilo lilivuka bahari likafika kwetu. Watanzania wengi huiita feni ya darini pangaboi, na ndani ya jina hilo wamo wote wawili, panka na boi aliyeivuta. Mtumishi ametoweka, lakini lugha haijamsahau.

Mkono wa mvutaji ulipumzishwa na umeme. Mwaka 1882 Mmarekani Schuyler Skaats Wheeler alitengeneza feni ndogo ya mezani yenye mabawa mawili, ikizungushwa kwa mota ya umeme. Haukupita muda mrefu feni zikapanda darini pia. Hapa, msomaji, utadhani habari imekwisha: hakuna tena mfalme na mtumishi, bali swichi ukutani. Walakini umeme ule ule ulioleta feni ulikuja kuzaa mtambo mwingine uliohitaji kupepewa kuliko mfalme yeyote.

Mtambo huo ni kompyuta. Mwezi wa Februari 1946, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, ilizinduliwa kompyuta iliyoitwa ENIAC. Ilikuwa na vali karibu 18,000, uzito wa tani 30 hivi, nayo ilikula umeme wa kilowati 150 hivi. Karibu umeme wote uingiao katika kompyuta hugeuka kuwa joto, kwa hiyo ENIAC iliwekewa vipulizaji vikubwa ili isiungue. Mwaka 1965 kompyuta ya aina ya ICT 1500 iliwekwa katika Wizara ya Fedha, Dar es Salaam. Mitambo mikubwa ya siku hizo ilikaa katika vyumba vyake maalum, ikihudumiwa na mafundi wachache. Ilivuma sana, lakini walioisikia walikuwa watu wa kuhesabika.

Kompyuta zilipopungua ukubwa na kuhamia juu ya meza, kelele nayo ilihama pamoja nazo. Wako waliojaribu kuiondoa. Kompyuta ya Apple II iliyotolewa mwaka 1977 haikuwa na feni, kwa kuwa mhandisi Rod Holt alibuni kisanduku cha umeme kisichotoa joto jingi. Huo ulikuwa ushindi wa akili. Lakini mwaka 1980 ikaja Apple III, nayo pia haikupewa feni, ingawa ilikuwa na kazi nyingi zaidi. Ikawa inapata joto na kuharibika. Nyingi zilirudishwa, na mwaka 1984 utengenezaji wake ulisimamishwa. Hilo lilikuwa funzo chungu: aliyepunguza joto alipata kimya kwa haki, aliyeondoa feni tu alilificha deni, na deni halifi kwa kufichwa.

Nikiri kwamba funzo hilo nililipata kwa mkono wangu kabla sijalisoma kitabuni. Baada ya maneno ya yule msichana nilitwaa bisibisi, nikafungua kompyuta yake, nikachomoa waya wa feni. Chumba kikatulia, nami nikajiona fundi. Kabla ya kipindi kwisha kompyuta ilizimika ghafula, na mradi wa mtihani aliokuwa akiuandika tangu asubuhi ukapotea kabla hajauhifadhi. Alilia bila kutoa sauti. Nilikuwa nimemtoza gharama mara ya pili.

Sasa tutazame kelele hiyo yenyewe. Tangu Pentium ya mwaka 1993 na prosesa zilizoifuata, ilikuwa kawaida kubandika juu ya prosesa kipande cha chuma chenye mapezi, na feni ndogo juu yake. Joto lilivyozidi, ndivyo feni zilivyozungushwa kwa kasi. Miaka ikapita, na kompyuta zilizochoka katika ofisi zikaletwa shuleni. Katika Kenya, shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa mwaka 2002, lilifikisha maelfu ya kompyuta zilizotumika katika shule zetu, na wanafunzi wengi walioguswa na elimu hii walianzia hapo. Lakini mtambo hauzeeki bila kulalamika. Vumbi jekundu la Ukambani huziba mapezi, mafuta ya beringi hukauka, na feni hupiga kelele huku ikisukuma hewa kidogo.

Dawa yake imo katika kanuni za feni zijulikanazo na wahandisi. Ukipunguza mwendo wa feni kwa nusu, hewa isukumwayo hupungua kwa nusu, lakini kelele hushuka kwa desibeli 15 hivi, na sikio huona kushuka kwa desibeli 10 kama kupungukiwa na nusu ya sauti. Tena feni mbili za umbo moja, ya milimita 120 na ya milimita 80, hazilingani: ile kubwa husukuma hewa ile ile kwa mwendo usiofika theluthi moja ya mwendo wa ndogo. Basi feni tulivu ni ile iliyo pana ikaenda polepole. Wazee walisema haraka haraka haina baraka; mhandisi amekuja kuthibitisha kwa hesabu.

Juhudi zikaendelea. Katika miaka ya 2000 zilienea feni za waya nne, ambazo mwendo wake hupanda na kushuka kwa kufuata joto, badala ya kukimbia mchana kutwa bila sababu. Mwaka 2005 ilianzishwa kampuni ya Austria itengenezayo feni za kimya, ikajiita Noctua, neno la Kilatini linalomtaja bundi. Sisi humfukuza bundi tukimwita ndege wa mkosi. Kumbe manyoya ya ukingo wa bawa lake yamechanika kama kitana, huvunja mkondo wa hewa, naye huruka bila kusikika. Simu uliyo nayo mkononi haina feni kabisa, kwa sababu watengenezaji wake walijifunza kupunguza joto lenyewe.

Nami nilirudi kwenye ile kompyuta, safari hii nikiwa na fundi. Tulifuta vumbi kwa brashi. Tuling'oa feni iliyokwisha beringi, tukatia mpya ya kipimo kile kile lakini yenye mwendo wa polepole, tukihakikisha inapuliza upande uleule wa ile ya zamani. Kisha tukaketi saa nzima tukiangalia kipimo cha joto kabla ya kuruhusu mwanafunzi aiguse. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 1999 kwamba kelele za chinichini darasani zisizidi desibeli 35. Sikuwa na chombo cha kuzipima. Chombo changu kilikuwa yule msichana. Nilisimama mbele ya darasa, nikamwuliza swali kwa sauti yangu ya kawaida, naye akajibu. Jioni ile niliiandika upya ripoti yake.

Msomaji, siku zijazo utakuta mitambo mingi itakayosifiwa kwa wepesi wake na nguvu zake. Usiitazame usoni tu. Zunguka nyuma ya ukuta, uangalie ni nani avutaye kamba. Kaa katika kiti cha mwisho, usikilize ni nani asiyesikia. Usitosheke kuuhamisha mzigo kutoka bega moja hadi jingine, wala usidhani umeutua kwa sababu umeuficha. Utue kweli. Hapo ndipo kazi ya mikono yetu itakaribia kazi ya mkuyu, ambao huwapoza wote waketio chini yake, wala haumnyimi hata mmoja wao kusikia.