Daftari la 1962: Mzozo wa Kutekeleza Kura ya Maoni ya Masaza Yaliyopotea

Mtu atokaye Goma kwenda Masisi au Walikale hupita Mubambiro kabla ya kuingia Sake. Wengi wanakifahamu kijiji hicho kwa ajili ya kambi ya jeshi iliyojengwa pale. Lakini kipo pia kwenye mlango wa nchi ambayo siasa yake, tangu enzi ya Wabelgiji, imezunguka swali moja kubwa: nani ahesabiwe mwenyeji? Kuanzia 1937 utawala wa kikoloni ulihamishia Masisi familia nyingi kutoka Rwanda. Sheria ya Januari 1972 iliwapa uraia wale waliokuwa wamekaa Kivu kabla ya Januari 1950. Sheria ya Juni 1981 ikauondoa. Mwezi Machi 1993 watu waliuawa sokoni Ntoto, katika Walikale, na machafuko yakapanda hadi Masisi. Mbele ya ugomvi wa namna hii ni rahisi kudhani kwamba dawa ni sanduku la kura: waulizwe wakaaji, wahesabiwe, na upande utakaozidi upewe haki yake. Jirani wa mashariki, Uganda, aliijaribu dawa hiyo mwaka 1964. Kura zilihesabiwa katika siku chache. Kutekeleza matokeo yake kulikuwa kazi nyingine kabisa.

Asili ya jambo hilo ni vita. Mwishoni mwa 1893 Kanali Henry Colvile aliongoza majeshi ya Uingereza, pamoja na maelfu ya askari wa Buganda, kuishambulia Bunyoro ya Omukama Kabalega. Waganda hawakupigana bure. Mwaka 1894 waliahidiwa ardhi ya Bunyoro iliyo kusini ya mto Kafu, na mwaka 1896 ahadi hiyo ikapewa nguvu ya kiserikali, ingawa hata miongoni mwa maafisa wa Kiingereza waliokuwa kwenye nchi hiyo walikuwapo walioona kuwa ni dhuluma. Mkataba wa Uganda wa Machi 1900 ukakamilisha kazi: nchi iliyotekwa iliandikwa kuwa sehemu ya masaza 20 ya Buganda (saza ni jimbo lenye chifu wake), na ndani ya masaza hayo yalikuwamo Buyaga na Bugangaizi, mahali yalipo makaburi ya wafalme wengi wa Bunyoro. Wanyoro wakaanza kuyaita masaza yaliyopotea.

Mkataba huohuo ulileta kitu cha pili, ambacho baadaye kilikuja kuwa kizito kuliko mipaka yenyewe. Ardhi iligawiwa Kabaka, jamaa zake, machifu na wakuu wengine wa Buganda kwa kipimo cha maili ya mraba, wakapewa hati za kuimiliki daima. Mfumo huo ukaitwa mailo, jina lililotoholewa kutoka kipimo chenyewe. Hivyo Mnyoro wa Buyaga aliyezaliwa katika shamba la babu yake alijikuta mpangaji wa bwana ambaye pengine hakuwahi kufika huko.

Upande wa lugha haustahili kupitwa haraka. Machifu waliotoka Buganda walikuja na Luganda, nayo ikawa lugha ya baraza, ya shule na ya kanisa. Runyoro ilibaki ya jikoni na ya matambiko. Hata majina ya mahali yaliandikwa kwa matamshi ya mtawala: Bugangaizi ya Wanyoro iliingia katika vitabu vya serikali kuwa Bugangazzi. Mtafiti wa lugha anaweza kuiona tofauti hiyo kuwa ya fonolojia tu; mshitakiwa aliyesomewa hukumu kwa lugha isiyokuwa yake hakuiona hivyo. Mwaka 1907, katika Bunyoro yenyewe, Wanyoro walikuwa wamekwisha kuasi dhidi ya machifu wa Kiganda waliowekwa juu yao, na jina walilolipa tendo lao, Nyangire, maana yake ni kukataa. Mwaka 1921, katika masaza yaliyopotea, iliundwa Kamati ya Wanyoro wa Mubende. Kamati hiyo iliandika malalamiko, na Omukama Tito Winyi IV naye akaandika ya kwake, mwaka baada ya mwaka, hadi London. Jibu lilikuwa lilelile: mkataba ni mkataba.

Uhuru ulipokaribia, Waingereza hawakuweza tena kujificha nyuma ya jibu hilo. Tume ya Lord Molson ilizunguka nchini mwaka 1962 na kupendekeza kwamba Buyaga na Bugangaizi zirudishwe Bunyoro kabla ya uhuru, bila kupiga kura. Serikali ya Uingereza iliona uchungu wa kuikasirisha Buganda katika siku zake za mwisho. Katika mkutano wa London wa Juni 1962, Waziri wa Makoloni Reginald Maudling aliamua kwamba masaza hayo mawili yakae chini ya serikali kuu, na kura ya maoni ipigwe baada ya miaka miwili ya uhuru au zaidi. Kwa maneno mengine, aliyeliwasha jiko aliondoka na kuwaachia wengine chungu. Uamuzi huo ulisifiwa kuwa wa busara. Ilikuwa busara ya mtu mwenye tiketi ya meli mfukoni.

Miaka miwili ni muda wa kutosha kwa kila upande kujipanga, na hapo ndipo mzozo wa utekelezaji ulipoanza, kabla ya karatasi hata moja ya kura kuchapishwa. Serikali ya Kabaka Mutesa II ilianza kuwapeleka askari wake wa zamani, Waganda waliopigana katika Vita Kuu ya Pili, kwenda kukaa Ndaiga, kwenye mwambao wa Ziwa Albert katika Buyaga. Walikwenda kwa maelfu, wakapewa msaada wa kufyeka na kujenga. Mengo ilieleza kwamba ni mpango wa maendeleo, na si uongo kwamba nchi ile ilikuwa na nafasi. Lakini kila mtu alijua kuhesabu: mkaaji wa leo ni mpiga kura wa kesho.

Waziri Mkuu Milton Obote naye alijua kuhesabu. Alikuwa amepata madaraka kwa ushirikiano wa chama chake cha UPC na Kabaka Yekka, chama cha wafuasi wa Kabaka. Na tangu Oktoba 1963 Mutesa huyohuyo alikuwa Rais wa Uganda, cheo kisichokuwa na mamlaka makubwa. Kufikia Agosti 1964 wabunge waliohama vyama vingine walikuwa wameipa UPC wingi wa kutosha, ushirikiano ukavunjwa, na muswada wa kura ya maoni ukapelekwa bungeni. Serikali iliamua kwamba watakaopiga kura ni wale tu walioandikishwa katika daftari la uchaguzi la 1962. Kwa sharti hilo moja, wakaaji wapya wa Ndaiga walitoweka katika hesabu. Walikuwapo na nyumba zao na mazao yao shambani, lakini daftarini hawakuwamo.

Je, sharti hilo lilikuwa la haki? Wanyoro walisema ndiyo, kwa kuwa hakuna haki katika kura ya watu walioletwa ili wapige kura. Buganda ilisema hapana, kwa kuwa mwananchi aliyekaa mahali kihalali hawezi kunyimwa sauti kwa sababu amechelewa kuhamia. Hoja zote mbili zina uzito. Ila hoja ya pili ilitoka kwa serikali iliyokuwa imeyapata masaza hayo kwa mtindo huohuo wa kuleta watu nyuma ya jeshi, na hilo liliipunguzia nguvu. Msomaji wa Kivu ataitambua sura ya ugomvi huu. Katika Masisi pia kila sheria ilichagua mwaka wake wa kuhesabia: 1950 katika sheria ya 1972, siku ya uhuru, 30 Juni 1960, katika Katiba iliyopitishwa kwa kura ya maoni ya Desemba 2005. Mwaka unaochaguliwa huonekana kuwa tarehe tu ya kalenda, kumbe ndani yake wamo watu wanaoingia na watu wanaotoka.

Kura ilipigwa tarehe 4 Novemba 1964. Wapiga kura waliulizwa kama wanataka kubaki Buganda, kurudi Bunyoro, au kuwa wilaya inayojitegemea. Bunyoro ilipata kura zaidi ya 11,000; Buganda ilipata 3,542; waliotaka wilaya yao wenyewe walikuwa 112. Katika Buyaga ushindi ulikuwa mkubwa mno. Katika Bugangaizi ulikuwa wa wazi, lakini Buganda ilipata huko kura 2,253, na watu hao hawakuwa na mahali pengine pa kuhamia. Waliamka kesho yake wakiwa wachache katika nchi waliyoizoea kuwa yao.

Huko Mengo matokeo yalipokewa kama msiba. Umati uliwazomea na kuwapiga mawe wakubwa wa serikali ya Buganda, Katikiro Michael Kintu akajiuzulu mwezi huohuo, na nafasi yake ikachukuliwa na Joash Mayanja-Nkangi. Tarehe 10 Novemba, katika mtaa wa Nakulabye mjini Kampala, polisi walifyatua risasi na kuua raia.

Jambo gumu kuliko yote lilikuwa saini. Kuhamishwa kwa masaza kulihitaji sheria, na sheria ilihitaji kutiwa saini na Rais. Rais huyo alikuwa Kabaka. Mutesa alikataa. Hakuna fundi wa katiba ambaye angeweza kumpatia njia ya kutoka salama: akitia saini anaisaliti Buganda iliyomwapisha; asipotia, anakiuka kiapo alichokula kwa Uganda. Obote alitumia kifungu cha katiba kilichomruhusu Waziri Mkuu kutia saini mahali pa Rais, na tarehe 1 Januari 1965 Buyaga na Bugangaizi zikawa sehemu ya Bunyoro. Serikali ya Kabaka iliishitaki hatua hiyo, na hoja yake kuu ilikuwa lile daftari la 1962. Shauri lilifika hadi Baraza la Faragha mjini London, ambalo mwaka 1965 lilitupilia mbali madai ya Buganda. Baada ya hapo hapakubaki mahali pa kukutania. Februari 1966 Obote aliisimamisha katiba, Mei 24 jeshi likaishambulia ikulu ya Mengo, na Mutesa akakimbilia Uingereza, alikofariki 1969. Kusema kwamba masaza mawili ndiyo yaliyoiangusha katiba ya uhuru ni kutia chumvi, kwa kuwa palikuwapo na mambo ya dhahabu na ya jeshi pia. Lakini ile saini iliyokataliwa ndiyo iliyovunja imani ya mwisho kati ya watu hao wawili.

Kuhusu lugha, kumbukumbu ya machifu wa kigeni ilidumu. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin iliwauliza wajumbe wa wilaya 20 ni lugha ipi iwe ya taifa; wilaya 12 zilitaka Kiswahili na 8 zilitaka Luganda. Waandishi wa historia ya Kiswahili hupenda kuitaja hesabu hiyo kuwa ushindi wa Kiswahili. Kwa sehemu kubwa ilikuwa kura ya kuikataa Luganda.

Je, Wanyoro walirudishiwa nini hasa? Walirudishiwa utawala: machifu, mahakama na kodi. Ardhi haikurudi. Hati za mailo ziliendelea kuwa mikononi mwa wenyewe, kwa sababu swali lililowekwa kwenye karatasi ya kura lilihusu mipaka na halikugusa umilikaji. Mkulima aliyesherehekea Januari 1965 alikuwa bado mpangaji. Amri ya ardhi ya 1975 ilifuta umilikaji huo kwa kalamu, Katiba ya 1995 ikaurudisha, na sheria ya ardhi ya 1998 ikaanzisha mfuko wa kuwalipa wenye hati wasiokaa mashambani. Katikati ya hayo walikuja wahamiaji wengine, hasa Wakiga kutoka kusini-magharibi, kwa mipango ya serikali na kwa miguu yao wenyewe. Mwaka 2002 Mkiga alichaguliwa kuongoza wilaya ya Kibaale, iliyoundwa 1991 kutokana na masaza hayo. Wanyoro wengi walikataa kutawaliwa na mtu waliyemwita mgeni, ghasia zikazuka, na mshindi akaondoka kitini baada ya Rais wa nchi kuingilia kati. Mwaka 2016 Kagadi na Kakumiro zilikatwa kutoka Kibaale zikawa wilaya. Kwa mara nyingine kilichogawanywa kilikuwa utawala, na mashamba yakabaki chini ya hati zilezile za mailo.