Etiketi ya dawa: ilitoka wapi, na inasema nini

Katika territoire ya Opala, dawa mingi zinafika kutoka Kisangani kwa pikipiki ao kwa mtumbwi. Kwenye maduka madogo, chupa kubwa ya vidonge inafunguliwa, vidonge vinahesabiwa kumi kumi na kutiwa ndani ya sashe. Mgonjwa anaenda navyo nyumbani. Etiketi inabaki dukani.

Karatasi hiyo iko na historia ndefu. Zamani mwenye farmasi aliiandika kwa mkono na kuibandika kwa gundi. Kisha ikaja litografia, ufundi wa kuchapa kwa kutumia jiwe, uliovumbuliwa Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1790, na picha za rangi zikawa rahisi. Wauzaji waliipenda ju ya biashara: picha nzuri, ahadi ya kuponya kila kitu, na hakuna neno juu ya kilichomo ndani.

Sheria zilikuja polepole, mara nyingi nyuma ya vifo. Uingereza, sheria ya 1868 ilidai chupa ya sumu iandikwe kwamba ni sumu, pamoja na jina la muuzaji. Marekani, sheria ya 1906 ilikataza etiketi ya uongo. Lakini 1937 dawa ya maji iliyoitwa Elixir Sulfanilamide iliua huko watu zaidi ya 100, na kosa ambalo sheria iliweza kukamata ni lile neno «elixir», maana ndani hamukuwa pombe! Sheria kali zaidi ilipitishwa 1938.

Kwa sisi, hatua kubwa ni ya 1953, wakati OMS ilitoa orodha ya kwanza ya majina ya kimataifa ya dawa. Ndiyo sababu boksi inaweza kuwa na jina la kampuni kwa herufi kubwa, na chini yake paracétamol.

Hata hivyo, karatasi inaweza kudanganya. Kuanzia Desemba 2014 hadi katikati ya 2015, Ituri, zaidi sana upande wa Aru, watu zaidi ya 1,000 walilazwa hospitalini, uso, shingo na ulimi vimekazana. Wakati ule Ituri na Tshopo zilikuwa bado jimbo moja, Province Orientale. Kwanza waganga walifikiri ni méningite. Maabara ilionyesha kitu kingine: etiketi ilisema diazépam, lakini vidonge vya manjano vilikuwa na halopéridol, dawa ya magonjwa ya akili. Watu kadhaa walikufa.

Tangazo la OMS la 2015 liliweza kueleza rangi ya kidonge na herufi zilizochapwa juu yake. Kwa kawaida, matangazo kama hayo yanataja pia namba ya lot, ile iliyo karibu na tarehe ya mwisho. Muuzaji anaweza kuiandika kwa biki juu ya sashe, pamoja na jina la dawa na uzito wake. Ni kazi ya nusu dakika. Sashe isiyo na maandishi haiwezi kutafutwa na mtu yeyote.