Debian: neno "imara" lina maana gani hasa?

Wasomaji, swali hili naulizwa sana: nikiweka Debian, nichukue toleo imara au nifuate programu mpya mpya? Wengi hudhani "imara" maana yake ni haina kasoro. Sivyo. Maana yake ni kwamba haibadiliki, na historia inaonyesha tofauti hiyo vizuri.

Programu mpya huingia kwanza kwenye tawi liitwalo Sid. Tangu mwishoni mwa 2000 kuna tawi la katikati, la majaribio: kifurushi kikikaa Sid siku kadhaa bila kuleta hitilafu kubwa, kinavuka. Tawi hilo likiiva linagandishwa, linakuwa toleo imara. Baada ya hapo karibu hakuna kinachoguswa, isipokuwa marekebisho, nayo hutiwa ndani ya programu ile ile ya zamani.

Sasa tazama Woody, iliyotoka Julai 2002. Ilizaliwa mzee! Ilikuja na KDE 2.2 wakati KDE 3.0 ilikuwa imeshatoka Aprili mwaka huo huo. Na iliyofuata, Sarge, ikaja Juni 2005. Karibu miaka 3 ya kusubiri! Katikati ya subira hiyo, Oktoba 2004, ikatokea Ubuntu, ikachota programu kutoka Sid na kuahidi toleo kila miezi 6. Kwa maoni yangu, uchovu wa kuingoja Sarge uliisaidia Ubuntu kuliko rangi zake za kahawia.

Je, kungoja kulilipa? Wakati mwingine. Septemba 2006 mabadiliko madogo ya OpenSSL ndani ya Debian yaliharibu uzalishaji wa nambari za bahati nasibu. Funguo za SSH zikawa za kubahatishwa: si zaidi ya 32,768 kwa kila aina na ukubwa. Kosa likapita matawi yote, likaingia Etch, toleo imara la Aprili 2007, na halikutangazwa hadi Mei 2008. Waliobaki na Sarge ya zamani walikuwa salama.

Machi 2024 mambo yakawa kinyume. Andres Freund, akipima PostgreSQL kwenye Sid, aliona SSH inachelewa kama nusu sekunde. Akachimba, akakuta mlango wa siri ndani ya xz 5.6. Sid na tawi la majaribio vilikuwa vimeshaupokea. Toleo imara, Bookworm, lilikuwa bado na 5.4.

Mimi seva za wateja naziwekea toleo imara, na nikihitaji kitu kipya nakichukua kwenye backports, kimoja kimoja. Laptopu yangu inatumia tawi la majaribio. Ila ukilifuata, jua kwamba marekebisho ya usalama huko yanaweza kuchelewa kuliko hata kwenye toleo imara, kwa kuwa nayo kwa kawaida hupanga foleni kutoka Sid.