Upinzani dhidi ya ununuzi wa Oculus VR

Upinzani dhidi ya ununuzi wa Oculus VR ni malalamiko ya wachezaji na watengenezaji wa michezo ya kompyuta yaliyozuka baada ya Facebook kutangaza, tarehe 25 Machi 2014, kwamba inainunua kampuni hiyo changa ya Marekani kwa takribani dola bilioni 2, fedha taslimu na hisa.

Mwaka 2012 Oculus, iliyoanzishwa na Palmer Luckey, ilichangiwa kupitia Kickstarter zaidi ya dola milioni 2.4 na watu wapatao 9,500 ili iunde Rift, miwani ya uhalisia pepe. Wachangiaji hawakuwa wanahisa, hivyo mauzo hayakuwapa hata senti. Hapo ndipo penye kiini cha kinyongo, ingawa wengi walitaja pia matangazo na ukusanyaji wa taarifa binafsi.

Markus Persson, muundaji wa Minecraft aliyekuwa amechangia dola 10,000, alivunja mazungumzo ya kuuleta mchezo huo kwenye Rift. Uliingia mwaka 2016, Microsoft ikiwa imeshaununua.

Luckey aliahidi kuwa akaunti ya Facebook haitakuwa lazima. Sharti hilo liliwekwa kwa watumiaji wapya mwaka 2020, likaondolewa 2022.