Nyumba Nayo Ina Haki ya Matunzo

Nyumba ikishakufa, Kiswahili hakikosi jina la kuiita. Ikiachwa kabla haijamalizika, ni pagale. Zikibaki kuta bila paa, ni gofu, neno lile lile tunalomwitia mtu aliyekonda hadi mbavu zikahesabika: gofu la mtu. Wenyeji wakiondoka wote, mahali hapo pamekuwa hame. Na palipokuwa na mji zamani, pakabaki misingi na vichaka, wazee hupaita ganjo. Utajiri huu huniuma, kwa kuwa maneno yote manne hufika nyumba ikiwa imeshakata roho.

Kabla ya gofu kuna kipindi kirefu, na anayezijua nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja anakijua. Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa udongo na chokaa. Dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Adui wake ni maji. Bati likitoboka na asiwepo wa kuliziba, mvua ya masika huteremka ndani ya ukuta, chokaa hulainika, na ncha ya boriti iliyozikwa ukutani huanza kuoza. Ukipita nje huoni kitu. Miaka hupita hivyo, kisha usiku mmoja dari inashuka.

Kosa la mwenye nyumba katika miaka hiyo lina jina: kutelekeza. Ni kitenzi kizito, tunachokitumia kwa baba aliyewaacha wanawe bila chakula. Masikioni mwangu kina moshi wa teleka ndani yake: chungu kimeinjikwa motoni, na aliyekiinjika ameshaondoka.

Sheria ina msamiati wake. Ofisa akikagua akaona hatari, hutoa ilani: tengeneza kabla ya siku fulani. Siku ikipita, mwenye mali hushitakiwa, au jiji huifanya kazi lenyewe na kumdai gharama. Nchini Kenya, Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, hulihesabu jengo bovu linalohatarisha afya kuwa kero, na hutaka ilani itolewe ili kero hiyo iondolewe. Uingereza, sheria ya 1990 ya majengo ya kihistoria huiruhusu halmashauri kufanya kazi za dharura kwenye jengo la mtu baada ya kumpa ilani ya siku 7, kisha ikamdai.

Taratibu hizi zina manufaa, lakini litazame neno kero. Kero ni kile kinachomuudhi mwingine. Nyumba huandikwa kwenye daftari siku inapomsumbua jirani. Siku ilipoanza kuugua peke yake haikuandikwa popote. Na zipo siku ambapo lugha yote ya mamlaka hubaki herufi moja, X nyekundu ukutani, ambayo mpita njia wa Dar es Salaam au Nairobi huisoma bila kufundishwa: bomoa.

Kwenye mabango hupendwa neno ukarabati. Nalo ni jema, ila huja na wafadhili, mafundi na uzinduzi. Huja mara moja, na mara nyingi huchelewa. Beit al-Ajaib, jumba la Mji Mkongwe lililojengwa 1883 enzi za Sultani Barghash, lilikuwa limekwisha kumeguka sehemu miaka kadhaa nyuma. Lilikuwa mikononi mwa mafundi wa ukarabati lilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili wakafa. Jumba hilo ni la serikali, si la mtu binafsi, lakini limetuonyesha sote kwamba ukarabati unaweza kufika na nyumba isiweze tena kuusubiri.

Neno ninalolitaka tayari tunalo, tena liko mahakamani. Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto ya 2009 huiwezesha mahakama kumpa mzazi amri ya matunzo. Matunzo hayangoji mtoto augue. Ni chakula cha leo na nguo ya kesho, wajibu usio na siku ya kukata utepe. Kutelekeza kumeshavuka kutoka kwa mtoto hadi kwa jengo; magazeti huandika “jengo lililotelekezwa” bila kusita. Matunzo yamebaki ng’ambo. Tumelivusha kosa, tukauacha wajibu.

Ugumu upo. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni za urithi: mrithi mmoja yuko Unguja, mwingine Muscat, wa tatu London. Kila mmoja ana fungu, na ilani haijui imbishie nani hodi. Hapa wanazuoni wa wakfu wana la kutufunza. Katika fikihi yao, pato la nyumba ya wakfu huihudumia nyumba yenyewe kwanza, ndipo wanaostahiki wagawiwe. Kwa Kiarabu huduma hiyo huitwa imara, neno tulilolipokea sisi kwa maana ya madhubuti, na mzizi wake ndio uliotupa pia umri. Nyumba imara, basi, ni nyumba iliyotunziwa umri wake.

Mji Mkongwe una mamlaka yake ya hifadhi tangu 1985, na umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000. Natamani nione mlangoni mwa nyumba zake karatasi yenye kichwa “Ilani ya Matunzo”. Ilitaje bati lililotoboka na mfereji ulioziba. Iwataje warithi wote, waliopo na walio ng’ambo, na mchango wa kila mmoja kwa kadiri ya fungu lake. Na ifike kabla ya masika. Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Walitudhania mema, kwamba ukuta tutaujenga. Ukuta wa matumbawe ukishaanguka, mara nyingi kinachofuata ni matofali ya saruji, au kiwanja kitupu.